Joe Versus the Volcano: wengi waliiona ya kipuuzi, mi nimekuta darsa ndani yake

Jamani hii muvi nimeiangalia mara tatu ndani ya wiki mbili na bado nikilala naiona, kwa hiyo leo mnivumilie ntaandika mrefu. Ni ya mwaka 1990, ndani yupo Tom Hanks na Meg Ryan, kabla hawajafanya zile muvi zao mbili za mapenzi ambazo kila mtu anazijua. Ukimwambia kijana wa kuweka muvi kwenye flashi anakuangalia tu, anakwambia hiyo ya zamani haina watu. Mi mwenyewe sikuiomba, niliomba muvi zote za Tom Hanks akanijazia foda zima, hii ikawa ya mwisho kabisa kule chini, na siku naifungua ilikuwa umeme umekatika Magomeni yote hapa Bagamoyo nikawa natumia chaji ya laptopu.

Watu wanaiita komedi na hawajakosea, kuna sehemu utacheka. Ila mi naona walioicheka tu wamekunywa povu, chai yenyewe wakaiacha kikombeni. Hii ni muvi ya mtu aliyekufa akiwa hai, halafu akafufuka kwa sababu aliambiwa anakufa. Mwisho wake ntausema, kwa hiyo kama hutaki kujua ishia hapa, kaangalie kwanza ndo urudi.

Mwanzo tu unaona wafanyakazi asubuhi wanaingia kiwandani, matope, vichwa chini, wote rangi moja kama majivu, na ile njia ya kwenda mlangoni haikunyooka, imekatwa kwenda huku na kule kama radi. Joe yumo. Soli ya kiatu imebanduka. Mwenzake wa ofisini anamuuliza kiatu kimefanyaje, anajibu kwamba anapoteza soli. Mara ya kwanza nilipitwa. Mara ya pili ndo nikashtuka, maana kwa Kiingereza soli na roho (sole na soul) vinatamkwa sawasawa kabisa, yani ukifumba macho ukasikiliza unasikia mtu anasema nimo napoteza roho yangu, na yule mwingine anaendelea na kazi zake. Hapo muvi ndo kwanza inaanza, maelezo yote ya mbele yameshawekwa mezani na hakuna aliyeyaona.

Halafu ile ofisi. Chumba hakina dirisha, taa za tyubu zinalia juu, bosi yuko kwenye simu anarudia sentensi moja hiyo hiyo, kupata kazi anaweza, lakini kazi ataiweza? kupata anaweza, lakini ataiweza? mpaka kichwa kinauma wewe uliyekaa kwenye kochi. Joe analalamika kwamba zile taa zinamnyonya maji ya macho. Kaleta kataa kadogo ka mezani kenye picha nzuri, kanapiga na muziki, bosi anamwambia akaondoe.

Mi hapo nililia, nasema kweli. Nimefanya kazi Dar miaka sita, ofisi siitaji. Naondoka Bagamoyo saa kumi na nusu alfajiri kuwahi gari la Makumbusho, kurudi saa tatu usiku, na juu ya meza yangu kulikuwa na taa ya tyubu inapepesa, inazima inawaka inazima inawaka, nimeomba ibadilishwe mara nne naambiwa andika barua. Kuna Ramadhani moja ilipita sijafuturu nyumbani hata siku moja ya kazi, nafuturia tende na maji ndani ya gari pale Tegeta kwenye foleni, na hakuna aliyenilazimisha, ndo kinachouma. Joe siku anaacha kazi anamwambia bosi wake kwamba ameuza maisha yake kwa dola 300 kwa wiki. Mi yangu ilikuwa chini ya hapo.

Sasa kinachomfanya aache kazi ni kwamba daktari amemwambia ana wingu kwenye ubongo. Haliumi, halina dalili, ila litamuua baada ya miezi michache. Na huyu Joe miaka mingi alikuwa anaumwa kila siku, leo kichwa kesho tumbo, tangu alipoacha kazi ya zimamoto. Akishaambiwa anakufa anapona! Anasimama wima, sura inabadilika, anamchukua mwenzake wa ofisini wanaenda kula. Hapa ndo nilipokumbuka yale maneno ya masufi tuliyokuwa tunasomeshwa, kufeni kabla hamjafa. Utotoni nilikuwa nayaogopa, nilidhani ni maneno ya kutisha watu. Kumbe ni dawa.

Kuna dereva wa gari la kifahari, mzee Ossie Davis, anaitwa Marshall, yupo dakika chache tu ila kwangu ndo shekhe wa hii muvi. Joe kapewa kadi za hela na tajiri mmoja anayetaka akajitupe kwenye volkano (ntaeleza mbele), anataka kununua nguo, anamuuliza Marshall akanunue wapi. Mzee anasimamisha gari. Anamwambia ukiniuliza habari ya nguo unaniuliza wewe ni nani, na mi siwezi kukwambia wewe ni nani, mi mwenyewe imenichukua maisha yangu yote kujua mi ni nani na sasa hivi nimechoka. Rudini mwangalie uso wake hapo. Hamna mzaha hapo, amechoka kweli, ni uchovu wa mtu aliyefika. Baadaye Joe anamwomba wale wote chakula cha jioni, mzee anakataa kwa upole, ana mke na watoto wanamsubiri nyumbani, na Joe pale ndo anagundua hana mtu hata mmoja wa kula naye.

Halafu masanduku. Ndugu zangu masanduku!

Joe anaingia duka la mabegi, muuzaji anatokea kimya kimya kama imamu anayeingia mihrabuni, anamuuliza kama amewahi kuwaza kwa kina habari ya mizigo ya safari. Joe hajawahi. Muuzaji anasema kwake yeye hilo ndo jambo lililoshika maisha yake. Anamhoji unaenda wapi, kwa chombo gani, huko utakaa vipi, kila jibu anazidi kusisimka, mwisho anafungua pazia anamwonyesha sanduku kubwa la safari, limetengenezwa kwa mkono, halipitishi maji hata tone, limefungwa kama ngoma iliyowambwa. Joe anachukua manne. Muuzaji anamwombea aishi miaka elfu moja. Wengine wanaona kichekesho, mtu anaenda kujitupa kwenye volkano ananunua masanduku manne ya nini. Subirini.

Sisi watu wa hapa habari ya mizigo tunaijua. Jina lenyewe la mji ni bwaga moyo. Kuna wanaosema ni la wapagazi waliotoka Ujiji na Tabora na meno ya tembo mabegani, mamia ya kilomita kwa miguu, wakiiona bahari wanabwaga mzigo na moyo unatua. Na kuna wanaosema ni la watumwa, kwamba ukishafika hapa moyo ubwage hapa hapa, ng'ambo unaenda mwili mtupu. Maana zote mbili nilifundishwa shule ya msingi na sikuwahi kuelewa neno moja linabebaje raha na msiba kwa pamoja, mpaka nilipomwona huyu Joe. Kule kiwandani kaubwaga moyo kwa ile maana ya watumwa, kauacha nje getini anaingia mwili tu. Huku mbele, baharini, anaubwaga kwa ile ya wapagazi. Mtu mmoja, moyo mmoja, neno lile lile.

Na hata hapa mjini tunaye aliyezipita zote mbili, Shekhe Ramiya, aliyeletwa mtoto mdogo mtumwa kutoka Manyema huko Kongo, na mpaka anafariki 1931 alikuwa ndo khalifa, yani kiongozi, wa tarika ya kisufi ya Qadiriya, watu wanatoka mbali kumfuata. Nikipita zawiani siku hizi nawaza hilo tu.

Tuendelee. Tajiri amemtuma Joe kisiwa kinaitwa Waponi Woo, wenyeji wanahitaji mtu wa kujitupa kwenye volkano mara moja kila miaka 100 la sivyo kisiwa kitazama, tajiri naye anayataka madini yao. Wanasafiri na boti ya matanga, nahodha wake ni Patricia, binti wa tajiri. Meg Ryan kacheza wanawake watatu tofauti humu, yule wa ofisini, binti wa kwanza wa tajiri, na huyu nahodha. Kuna usemi huo pia, kwamba Joe anakutana na mtu yule yule mara tatu mpaka macho yake yafunguke amwone, na nadhani ndo ilivyokusudiwa, maana wa kwanza anamkimbia akisikia anakufa, wa pili hajui ajipeleke wapi, wa tatu ndo wanatazamana.

Usiku mmoja wako juu ya boti Patricia anamwambia baba yake huwa anasema karibu dunia nzima imelala, kila unayemjua, kila unayemwona na kuongea naye amelala, walio macho ni wachache na hao wanaishi kwa mshangao muda wote. Nikasimamisha muvi. Nikaenda kumwamsha mjomba aliyekuwa amejilaza barazani, nikamsimulia, akaniambia bila hata kukaa vizuri, kwani hayo si ndo maneno ya Sayyidna Ali? Watu wamelala, wakifa ndo wanazinduka. Ndo yenyewe! Yananasibishwa kwake na tumeyasikia darsani miaka nenda rudi, halafu unayakuta kwenye midomo ya Meg Ryan katikati ya Pasifiki. Sisemi aliyeandika muvi kasoma vitabu vyetu. Nasema kisima ni kimoja, kila mtu anateka na ndoo yake.

Mjomba hakurudi kulala, akakaa. Na yeye ni mtu wa bahari, kavua miaka yote mpaka magoti yalipokataa, kwa hiyo tufani ilipoanza nikawa namwangalia yeye kuliko skrini. Radi inapiga boti (ile radi ina umbo lile lile la njia ya kiwandani, na la ufa ukutani kwenye chumba cha Joe, angalieni vizuri), boti inazama, Patricia kapigwa kichwani amezimia, na yanayoibuka juu ya maji ni yale masanduku manne. Joe anayafunga pamoja yanakuwa chelezo. Mjomba akasema taratibu, "Hakujua ananunua nini siku ile."

Siku zinapita. Maji ya kunywa yapo kidogo. Joe anamimina kwenye kifuniko, anamnyanyua yule binti kichwa, anampa, kifuniko kimoja kimoja, yeye mwenyewe midomo imepasuka ngozi imebabuka hajinyweshi. Kipande hicho hakina maneno mengi. Mjomba alisogea mpaka pua inakaribia kioo akawa anahesabu vifuniko, akasema ndivyo, mtu aliyekaukiwa humpi kwa pupa, unamtilia kidogo kidogo. Halafu akasema yule mtu hana ugonjwa. Mi nilikuwa simwambii bado kwamba wingu la ubongo lilikuwa uongo, daktari alikuwa wa tajiri, na hilo linajulikana mwisho kabisa. Kajuaje? Anasema mgonjwa hagawi maji.

Na ndo inakuja ile. Usiku, mwezi unachomoza, mkubwa umejaa skrini nzima, haiwezekani mwezi kuwa vile ila wameufanya hivyo makusudi. Joe hana nguvu za kusimama, anajikongoja anasimama juu ya masanduku, ananyanyua mikono. Anamwambia Mungu, ambaye anasema jina lake halijui, ahsante kwa uhai wangu. Anasema alikuwa amesahau ukubwa wake. Anashukuru tena anaanguka. Basi. Hajaomba maji, hajaomba meli ije, hajaomba apone. Mtu anakufa kwa kiu, anashukuru. Surat Ibrahim aya ya 7 Mungu anasema mkishukuru ntawazidishia, na mi aya hiyo nimeisikia kwenye harusi, kwenye hitima, kwenye mahafali, sikuwahi kuiona kwa macho. Mjomba akasema, "Jina halijui, lakini kaita."

Kuna jambo mama mkubwa kalipinga na nalileta hapa kwa sababu ana hoja. Nilivyomsimulia kwamba mwisho Joe anajitupa kwenye volkano akasema basi hiyo muvi haina dini, kujiua haramu, mwisho wa habari. Nimelifikiria sana. Kwanza ndani ya muvi kwenyewe lipo jibu, yule binti wa kwanza wa tajiri anamuuliza Joe kama huwa anawaza kujiua, kwamba maisha yanachosha, na Joe anamwambia kwa nini ufanye hivyo, mambo mengine yanajimaliza yenyewe, si kazi yako na pengine hata hayakuhusu. Mtu aliyesema hivyo hatafuti kufa. Pili anachofanya kule juu ni kutimiza ahadi, watu wamekosa wa kujitolea, wameulizwa wote wamekaa kimya, yeye kala chakula chao na kawaahidi. Lakini nakubali na mama mkubwa kwamba ukiichukua kama ilivyo, mtu anaruka motoni, haikai sawa. Mi naichukua kama fumbo. Mlimani ile njia ya kupanda ni ile ile iliyojipinda kama ya kiwandani, sisi kwenye Fatiha tunaomba njia iliyonyooka mara 17 kwa siku na huyu kazaliwa na njia iliyopinda, ila sasa hivi anaipanda kichwa juu, anajua anaenda wapi. Patricia anamfuata, anasema anampenda, wanaozeshwa pale pale ukingoni na mzee wa kisiwa, wanashikana mikono wanaruka.

Na volkano inawatema. Inawarusha mpaka baharini, salama, kisiwa kinazama, masanduku yanaibuka tena. Mtu yeyote aliyesoma madrasa anajua hii ni habari ya Nabii Yunus, tufani, kutupwa majini, kumezwa gizani, dua, kutemwa ufukweni. Sidhani kama kuna haja ya kueleza zaidi.

Ubaya wake nao niuseme. Wale watu wa kisiwani wamefanywa vichekesho, wanapenda soda ya machungwa kama watoto, wamevalishwa vitu vya ajabu, na mi kama mtu wa pwani iliniuma, kwa sababu muvi inayotaka kumfundisha mtu aamke isingewalaza watu wa kisiwa kizima. Wanazama wote halafu hakuna anayewalilia. Hilo ni kosa kubwa na silifichi. Katikati pale Los Angeles pia inasinzia kidogo.

Aliyeiandika na kuiongoza ni John Patrick Shanley, ilikuwa muvi yake ya kwanza kuongoza, tayari alikuwa na Oscar ya uandishi wa Moonstruck. Wakosoaji wengi hawakuielewa, watu walitegemea mapenzi na kucheka wakapewa mwezi na masanduku. Roger Ebert ni katika wachache walioipenda, aliipa nyota tatu na nusu kati ya nne. Shanley hakuongoza tena mpaka 2008 alipofanya Doubt. Miaka 18! Nikiwaza hiyo nasikia uchungu, tungepata ngapi hapo katikati.

Mi naipa nyota nne na nusu kati ya tano, nusu nimeikata kwa ajili ya watu wa Waponi Woo. Iangalieni usiku, taa zimezimwa, simu mbali, na mkiwa na mtu mzima ndani ya nyumba mwiteni, wanaona vitu. Aliye karibu aje na flashi yake nimwekee, ninayo pamoja na sabtaito za Kiingereza. Za Kiswahili sijazipata popote kwa hiyo nimeanza kuziandika mwenyewe, jioni nikitoka msikitini naandika dakika tano tano, mjomba ananisahihisha. Masanduku nimeshayamaliza, mwezi nimeumaliza, nimekwama pale pale mwanzo kwenye soli. Nimejaribu kila namna haikai. Mwenye Kiswahili chake cha kusema soli na roho kwa pumzi moja aniambie.